Mlinzi wa Mabua

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, inatoka kwenye hedifoni zilizoachwa mezani. Mwajuma, binti wa dada yangu, anakaa kwangu hapa Masasi akisoma kidato cha tatu, na jioni hiyo alikuwa ameinuka kwenda kuepua chai, akaziacha zinalia peke yake juu ya kitabu cha baiolojia. Nikainama nisikilize. Hakuna aliyekuwa akiimba. Kulikuwa na kinanda tu, na nyuma yake kitu kama mbao zinazogongwa, vikizunguka palepale bila haraka, vinaondoka na kurudi.

Nilipomuuliza ni wimbo gani huo usio na mwimbaji, alinieleza kwa upole, namna watoto wa siku hizi wanavyotueleza sisi mambo ya simu. Alisema akisikiliza nyimbo za maneno anajikuta anaimba badala ya kusoma, na pakiwa kimya anaanza kuwaza njaa, nywele na mambo yasiyo na mwisho. Muziki mtupu ndio unaoikalisha akili yake kitako. Kisha akaniuliza, mama mdogo, enzi zenu mlikuwa mnasoma na nini?

Nikaona haya. Mtu mzima, mwenye nyumba yangu na heshima yangu mtaani, niliona haya mbele ya mtoto ninayemnunulia madaftari. Nikamjibu kwamba enzi zetu tulisoma na koroboi, nikajifanya nina kazi jikoni. Koroboi ilikuwepo kweli. Ila mimi, kabla Mwajuma hajazaliwa, nilisoma na muziki mtupu kama yeye, na aliyekuwa akinipigia ni baba yangu, na kwa ajili ya muziki huo kijiji kizima kilimpa jina ambalo mpaka majuzi sikuweza kulitamka. Ninyi nawaambia, maana kwa Mwajuma bado sijapata pa kuanzia.

Kwetu ni juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Shamba letu lilikuwa mbali kidogo na nyumba, pale ardhi inapoanza kuteremka, na katikati yake kulikuwa na dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi ambacho mlinzi hupanda ili aone shamba lote. Juu ya dungu baba aliweka vibao. Vilikuwa vipande vya mti mwepesi, vimechongwa tumboni, vimelazwa juu ya matita mawili ya nyasi kavu, kila kimoja na sauti yake. Wazee wetu waliviita dimbila. Unavigonga kwa vijiti viwili, na sauti yake kavu inakwenda mbali sana, inafika hata kwa watu wasiotaka kuisikia.

Kazi ya vibao ilikuwa kufukuza ngedere na nyani wasile mahindi. Fundi wa kweli alikuwa marehemu babu, ambaye inasemekana watu walisimama njiani wakimsikiliza. Baba alirithi vibao bila kurithi mikono. Alijua mapigo ya namna moja tu, yanapanda kidogo, yanashuka, yanatua kidogo, halafu yanaanza upya, na angeweza kuyapiga hivyo tangu adhana ya alasiri mpaka karibu na magharibi bila kuongeza wala kupunguza. Mama alisema ngedere wenyewe hawaondoki kwa hofu, wanaondoka kwa kuchoka.

Mwaka huo nilikuwa darasa la saba, na nilikuwa naelekea kufeli. Mwalimu wetu wa hisabati alimwita mama akamwambia kwamba kichwa ninacho, ila hakitulii. Nikifeli nilijua kinachofuata, maana nilishakiona kwa dada yangu: shamba, kisha mume, kisha shamba la mume. Dada yangu hakuwa na manung'uniko. Mimi nilitaka kwenda sekondari hata kama ni kwa ajili ya sketi ile ya buluu peke yake, na nilikuwa nalia usiku nikiziwaza sehemu, yaani zile robo na theluthi, namna ya kuzijumlisha.

Mama aliamini dawa yangu ni kimya. Akanisafishia chumba cha kuwekea mavuno, nikawa nakaa juu ya gunia la mtama, mlango umefungwa. Wadogo zangu walifukuzwa uani, redio ikazimwa, wageni wakaambiwa wapunguze sauti, nyumba ikawa kama ya msiba. Nami humo ndani nilisikia mchwa wakitafuna boriti. Nilisikia kuku akikwaruza nyuma ya ukuta nikaanza kuwaza anatafuta nini. Nikitoka, mama alikuwa ananitazama kwa matumaini makubwa, na daftari lilikuwa jeupe kama nilivyoingia nalo.

Siku moja nilitumwa kumpelekea baba uji shambani nikiwa na kitabu kwapani, kwa sababu mama alikuwa amekataza nisitengane nacho. Nikapanda dungu nikakaa mguuni pake kumsubiri amalize. Yeye akanywa, akashika vijiti vyake, akaendelea. Sijui nilifungua kitabu saa ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba nilipoinua macho jua lilikuwa limekwisha, na nilikuwa nimemaliza zoezi zima la sehemu, na majibu yalikuwa sahihi. Yale mapigo ya namna moja yalikuwa yameishika ile akili yangu inayozurura, yakaiweka mahali.

Nilimwambia baba palepale, kwa sababu nilifurahi. Nikasema, baba, ukipiga naelewa. Hakucheka wala hakushangaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, maneno yake mengi aliyatumia kwa mbuzi. Akasema tu, "Basi kesho njoo nacho kitabu, mama." Alikuwa ananiita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao.

Ikawa hivyo kila siku baada ya shule. Mwalimu akaanza kuniangalia kwa jicho jingine. Usiku bado nilikaa juu ya lile gunia la mtama, mama akadhani ndilo lililonisaidia, akaendelea kukisifia chumba chake.

Kisha tukavuna. Tulivunja mahindi, na baadaye tukang'oa mbaazi, shamba likabaki na mabua makavu yaliyoinama huku na huku. Nililia siku tuliyobeba kikapu cha mwisho, na watu walidhani nimechoka. Mtihani ulikuwa bado mbele, na mtu halindi shamba lisilo na kitu. Lakini kesho yake, adhana ya alasiri ilipokwisha, baba alichukua vijiti vyake na kwenda shambani, akapanda dungu, akaanza kuyapigia mabua. Alipita karibu yangu uani akasema kama anayejisemea, kwamba kule juu kuna upepo mzuri. Nikachukua kitabu nikamfuata.

Sasa hapa lazima mjue desturi ya kwetu. Msimu wa mahindi hakuna anayeshangaa vibao, kila dungu linalia. Lakini mashamba yakishavunwa, sauti ya vibao ni habari. Maana yake mtu ameona nyani. Na nyani akifukuzwa huku anaibukia kule, kwa hiyo anayesikia, kama bado ana kitu ardhini, anaacha analofanya na kukimbilia shambani kwake. Waliokuwa na kitu ardhini wakati huo ni wenye mihogo, na jirani yetu wa chini, Baba Hadija, alikuwa na shamba kubwa la mihogo.

Hadija mwenyewe nilikuwa nakaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa anashughulika na kupalilia mikorosho upande wa pili, hivyo vibao vilipolia alimtuma Hadija, na fimbo na mbwa, akalinde mihogo. Kila alasiri. Mimi niko juu ya dungu nasoma, na Hadija yuko bondeni anazunguka na mbwa akitafuta nyani ambao hawakuwepo. Alikuja shuleni amechoka, kazi ya nyumbani hajafanya, anaadhibiwa. Akaniambia nyani wa mwaka ule ni wengi kupita kiasi. Sikuunganisha mambo hayo mawili. Mtoto anayefurahia jambo lake huwa haangalii bondeni.

Aliyeunganisha ni Baba Hadija. Siku moja alipanda mpaka kwetu, akasimama pembeni ya shamba, akamwona baba juu ya dungu anagonga vibao katikati ya mabua; mimi niliyeinamia kitabu hakuniona. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Yeye na baba wakaitwa barazani kwa balozi siku ya Ijumaa baada ya swala, watu wakiwa wengi kama kawaida ya siku hiyo. Mimi na Hadija tulikuwa uani kwa mke wa balozi tukibangua karanga, ukuta wa miti umetutenga, tunasikia kila kitu. Baba Hadija hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa heshima, na hilo lilifanya mambo yawe mabaya zaidi.

"Baba Somoe," alisema, akimwita baba kwa jina langu, "mimi nina mihogo. Wewe una nini?"

Baba akajibu kwamba hana kitu.

"Sasa unampigia nani?"

Niliacha kubangua. Nilijua sasa atasema. Niliogopa atasema, maana Hadija yuko pembeni yangu, na shule nzima ingejua kwamba Somoe ni mtoto wa kufukuziwa nyani ndipo aelewe robo na theluthi. Na wakati huohuo niliomba aseme, kwa sababu watu walikuwa wameanza kucheka chinichini. Baba akasema, "Sina ninayempigia. Mkono umezoea tu."

Pakalipuka kicheko. Kuna aliyesema Baba Somoe ameajiriwa na mabua. Mwingine, mpaka leo simjui ni nani, akasema mpisheni Mlinzi wa Mabua, na jina likashika hapohapo kama moto wa Septemba. Hadija naye alicheka kidogo, kisha akaniangalia akanyamaza. Mimi nilitazama karanga. Niliona aibu ambayo sijui kuipima, aibu ya baba yangu kuonekana mjinga mbele ya watu, na chini yake aibu nyingine iliyoniuma zaidi. Nilidhani amenificha kwa sababu mimi ndimi fedheha yake. Kwamba ameona ni heri aitwe mjinga kuliko kukiri ana mtoto mwenye akili ya namna ile.

Balozi alituliza watu akatoa shauri jepesi. Baba atoe jogoo ampe Baba Hadija kwa usumbufu, vibao viwekwe darini mpaka msimu ujao, mambo yaishe. Hakuna aliyeona shauri hilo kuwa gumu, na sisi tulikuwa na majogoo zaidi ya mmoja, wenyewe kwa wenyewe wanachinjana uani. Lakini baba akakataa. Alisema jogoo hatoi. Alisema yeye kampotezea mwenzake muda, basi atamlipa muda. Atakwenda yeye mwenyewe kulinda ile mihogo kila alasiri, tangu kesho mpaka Baba Hadija atakapoing'oa, na binti yake asishikishwe fimbo tena. Na vibao atakwenda navyo, kwa kuwa nyani wa huku wameshamjua.

Watu walicheka tena, ila Baba Hadija akakubali upesi. Nani angekataa mlinzi wa bure?

Mama alimnunia baba muda mrefu. Alisema mtu mzima na mazao yake anakwenda kuwa kibarua wa kulinda mihogo ya jirani, kwa ajili ya jogoo, jogoo ambaye angezaliwa mwingine. Mimi nilikubaliana naye moyoni. Niliamini baba yangu ni bahili, kwamba anathamini kuku kuliko jina lake, na jina letu. Baba alifunga vibao kwa kamba, akavibeba kichwani akateremka navyo bondeni, kupita katikati ya kijiji, na watoto walimfuata nyuma wakiimba jina lake jipya.

Na jioni yake akaniambia nije na kitabu.

Nilikwenda. Siwezi kusema nilikwenda kwa utii. Nilikwenda kwa sababu mtihani ulikuwa karibu na nilishajaribu kusoma peke yangu nikashindwa. Lakini njia ya kwenda kwa Baba Hadija ilipita kwenye njia panda iliyo juu ya bonde, wanakokaa watu wakicheza bao, na kila nilipofika pale nilijifunika kanga ya mama mpaka machoni, kitabu nimekibana ndani, natembea kama mwari aliyetolewa nje kabla ya siku yake. Nilidhani sijulikani. Kijiji chote kilijua kanga ya mama.

Huko bondeni Hadija naye alikuja kusoma, kwa kuwa sasa alikuwa huru na mama yake alisema asikae bure. Yeye kelele zilimuudhi. Alichuma sufi akajaza masikioni, akakaa mgongo kwetu, akasoma katika kimya chake mwenyewe hatua chache kutoka kwenye vibao. Wapita njia walisimama kututazama: mlinzi hodari wa mabua akilinda mihogo isiyo yake, binti mmoja anatikisa kichwa, mwingine ana sufi masikioni. Baba alipiga yale mapigo yake ya namna moja. Sikuwahi kumwona akiinua macho kumtazama aliyekuwa akimcheka, nikadhani hawaoni.

Siku ya mtihani darasa lilikuwa kimya kabisa, na nilipofika kwenye sehemu nikahisi akili inanyanyuka kutaka kuondoka. Nikaanza kugonga kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, mapigo yanapanda kidogo, yanashuka, yanatua. Msimamizi hakuona. Majina yalipobandikwa ukutani, Hadija alikuwepo na mimi nilikuwepo, yeye juu yangu. Nilikwenda sekondari na sketi yangu ya buluu, na huko bwenini wenzangu walipohadithia baba zao, mimi nilihadithia babu yangu fundi wa dimbila. Baba nilimwacha huko kwetu na jina lake. Niliporudi likizo nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mama, tukaishia hapo, na miaka ikapita hivyo.

Swali la Mwajuma ndilo lililonirudisha. Wiki iliyofuata nilipanda Newala kusaidia kuokota korosho, jambo ninalolifanya kila msimu kwa mikono na si kwa moyo. Baba sasa amezeeka, hasikii vizuri, lakini macho yake ni mazima. Tuliketi kwenye mkeka tukichambua, nzuri huku, mbovu kule. Nikamuuliza, kwa sauti ya kumtosha yeye, kwa nini siku ile barazani hakutoa jogoo.

Hakuuliza jogoo gani.

"Ningetoa jogoo, vibao vingekwenda darini," alisema. "Na wewe mtihani ulikuwa bado, mama."

Nilikaa na korosho mkononi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ukweli mbele ya watu, kwamba ananipigia mimi. Akanieleza taratibu, huku akiendelea kuchambua. Alisema mtu anayepigia mabua ni mjinga tu, na mjinga watu humcheka wakamwacha. Lakini mtu anayempigia binti yake vibao jioni, kwenye shamba tupu, halafu binti huyo akafaulu, hapo wangesema vibao vina dawa. Wangekuja kuvichoma. Na mimi hata ningefika wapi, kijijini ningebaki yule aliyefaulishwa kwa dawa ya baba yake. Alitaka kufaulu kuwe kwangu peke yangu, asiwepo wa kugawana nami.

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia kile nilichokuwa sijawahi kumwambia mtu, kwamba siku zile nilikuwa namwonea aibu.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa nakuona ukifika pale njia panda unajifunika kanga. Nikasema haidhuru, mradi kitabu kimo ndani."

Akatupa korosho mbovu upande wake, akachukua nyingine. Sauti yake haikuwa na lawama hata kidogo, na ningependa iwe nayo. Aibu niliyombebea baba tangu utoto wangu ilinitoka pale mkekani, ikaja nyingine ambayo ni yangu mwenyewe. Wakati wote nilidhani yule mtu mwenye vibao haoni watu wanavyomcheka. Kumbe alikuwa anawaona wote, na mimi nikiwa miongoni mwao, na kila alasiri aliketi akanipigia.